Mkono Usihukumiwe kwa Jicho

Hakuna mkulima wa Pemba atakayekubali karafuu zake zinunuliwe kwa kukisiwa. Amezichuma kwa taabu, amezianika juani na kuzianua kila wingu lilipotanda, na siku ya kuuza hamwambii karani, "Litazame gunia, kisha nipe unachoona kinafaa." Anataka mzani. Anausogelea, anautazama mshale wake, na akiingiwa na shaka anaomba gunia lirudishwe juu lipimwe tena. Naye mchumaji aliyepanda mkarafuu hudai ujira wake kwa pishi, wala hakubali makisio ya mwenye shamba. Haya hayamshangazi mtu yeyote visiwani kwetu, kwa kuwa sote twajua kwamba jicho lina upendeleo, na kwamba haki hukaa penye kipimo.

Ajabu ni kwamba sisi hao hao, tusiokubali gunia likisiwe, twakubali mkono wa mwanadamu ukisiwe. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huletwa mbele ya mtu mzima mwenye madaraka, mtu huyo huutazama mkono uliokunjamana, hutikisa kichwa, na husema, "Huu hauna nguvu." Neno hilo moja huandikwa katika faili, au hata haliandikwi, bali hutamkwa tu. Tangu siku hiyo mtoto hapewi kalamu, hapewi ndoo ya maji, hapewi fungu la karafuu la kuchambua pamoja na wenzake jioni mkekani. Amehukumiwa bila ya mzani.

Leo twapenda kulizungumzia jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya wengine, nalo ni kupima nguvu za mkono za watu wenye mtindio wa ubongo: namna ya kuzipima, faida ya kuzipima, na hatari ya kuzipima vibaya. Twalizungumza kwa wananchi wa visiwa hivi na kwa viongozi wetu kwa pamoja, kwani wote wana sehemu yao katika shauri hili.

Kwanza yafaa tukumbushane mtindio wa ubongo ni kitu gani. Ni hali inayotokana na kuumia kwa ubongo, au kutokukua kwake sawasawa, mtoto angali tumboni, au anapozaliwa, au katika miaka yake ya mwanzo. Sababu zake ni nyingi: kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, kukosa hewa wakati wa uzazi, manjano kali ya kichanga isiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki, lakini mwili unaoliishi hubadilika kila mwaka. Si laana, si kazi ya jini, wala si adhabu ya kosa la mama. Daktari mmoja wa Uingereza, William John Little, alikwisha kuieleza hali hii mbele ya madaktari wenzake mjini London mwaka 1861, akiihusisha na shida za uzazi. Na mwaka 1889 William Osler akaiandikia kitabu kizima. Kwa hiyo elimu ya jambo hili ina umri mkubwa kuliko nyumba zetu nyingi.

Wala tusidhani ni jambo la watu wachache wa mbali. Utafiti uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge, nchini Uganda, na kutangazwa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 wenye mtindio wa ubongo katika kila watoto 1,000. Visiwa vyetu vilikuwa na watu 1,889,773 kwa sensa ya mwaka 2022, na sehemu kubwa ya watu hao ni watoto. Kwa hesabu hiyo ni vigumu kuamini kwamba ipo shehia kubwa isiyokuwa na mtoto, au mtu mzima, wa namna hii. Kama hatuwaoni, basi sababu ni kwamba wamewekwa uani.

Sasa kwa nini mkono? Kwa sababu maisha ya visiwani ni maisha ya mkono. Mkono hukuna nazi juu ya mbuzi, hufunga mwani kwenye kamba, husuka ukili, hupota usumba, huvuta nyavu, huchambua karafuu, hukamua nguo. Mkono huo huo hushika kalamu skuli, hufunga vifungo vya shati, hupeleka tonge kinywani. Mtu asiyeweza kujilisha hutegemea mkono wa mwenzake mara tatu kwa siku, siku zote za maisha yake. Anayeweza kukishika kijiko, hata kwa taabu, amejipatia sehemu ya uhuru wake.

Na mkono wa mwenye mtindio wa ubongo una tabia yake, ambayo jicho lisilofundishwa hulikosea. Katika wengi wao misuli huwa na mkazo usiolegea kwa hiari. Misuli ya kukunja hushinda ile ya kunyoosha. Kifundo cha mkono huinama kwa ndani. Kidole gumba hulala kiganjani, kikafunikwa na vidole vingine. Mtazamaji akiiona ngumi ile iliyokazana hudhani kwamba ina nguvu nyingi. Akiambiwa kwamba mtoto hawezi kuinua kikombe, hushangaa, au humwita mvivu. Lakini ngumi iliyokazana si lazima iwe ngumi yenye nguvu. Msomaji na ajaribu mwenyewe hapo alipo: akunje kifundo cha mkono wake kwa ndani mpaka mwisho, kisha ajaribu kufumba ngumi kwa nguvu zote. Atakuta vidole vimelegea, kana kwamba si vyake. Hiyo ndiyo hali ambayo watoto hawa huishi nayo usiku na mchana, nasi twawalaumu kwamba hawajitahidi.

Zamani hata wataalamu walikosea hapa. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mwenye misuli yenye mkazo asifanyishwe mazoezi ya nguvu, kwa hofu kwamba mkazo ungezidi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 watafiti walianza kupima badala ya kuhofu, na vipimo vikaonyesha kwamba udhaifu wa misuli ni sehemu ya tatizo lenyewe, na kwamba mazoezi yaliyopangwa vizuri yaweza kuongeza nguvu bila ya kuuzidisha mkazo. Fikirini ni watoto wangapi walionyimwa mazoezi kwa ajili ya hofu ambayo haikuwa imepimwa! Hili latosha kuwa funzo.

Chombo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni dainamomita ya mkono. Ni chuma chenye mpini wa kubana na kipimo chenye sura ya saa, ambacho mshale wake huonyesha kilo au ratili. Ile iitwayo Jamar, ambayo hospitali nyingi za dunia huitumia, yafanya kazi kwa nguvu za majimaji yaliyofungiwa ndani yake, na mpini wake waweza kuwekwa katika nafasi tano ili ulingane na ukubwa wa kiganja. Daktari wa Marekani aitwaye Bechtol aliandika juu ya dainamomita ya mpini wa namna hiyo mwaka 1954. Mwaka 1981 jumuiya ya wataalamu wa tiba ya mkono ya nchi hiyo ilipendekeza utaratibu mmoja ili vipimo vya mahali mbalimbali viweze kulinganishwa: mtu akae kitini, bega lilale karibu na ubavu, kiwiko kikunjwe kwa pembe ya digrii 90, kiganja kisielekee juu wala chini, naye abane mara tatu, kisha ichukuliwe wastani wa mara hizo.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini ulitungwa kwa ajili ya mtu anayeweza kukaa hivyo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda asiweze kukaa bila ya kuegemezwa. Kiwiko chake huenda kisifike pembe ile. Kifundo chake huenda kisinyooke. Mpimaji mwenye haraka ana njia mbili mbaya mbele yake: ama kumlazimisha mtoto akae kama picha ya kitabuni, mpaka alie na mwili wote ukazane, ama kumpima vyovyote vile bila ya kuandika alivyokaa. Njia iliyo sawa ni ya tatu, nayo yataka subira. Mtoto apewe kiti kinachomfaa, miguu ikanyage chini au juu ya ubao, mgongo uegemezwe. Kiganja kifunguliwe polepole, gumba litolewe nje kabla ya chombo kuingizwa. Mpimaji akishikilie chombo ili uzito wake usimchoshe mtoto. Mkao aliokaa uandikwe, na safari ijayo uwe ni huo huo. Asiyepima mkao ule ule hajui kama kilichoongezeka ni nguvu au ni kiti.

Kisha kuna jambo la kuelewa na kuelewana. Mtoto aonyeshwe kwanza, mpimaji abane mwenyewe mbele yake, na mtoto ajaribu bila ya kuandikiwa. Wapo wenye mtindio wa ubongo wengi ambao akili zao hazina kasoro ila ulimi ni mzito. Na wapo ambao maelezo huwachukua muda kuyafahamu. Ukimpima mtu ambaye hajafahamu anatakiwa afanye nini, umepima ufahamu wake, hukupima mkono wake. Sauti ya kumhimiza nayo iwe moja kila mara, tena ya upole, kwani ukelele wa ghafla huwashtua wengi wao na kuwakaza mwili mzima. Apumzike kati ya jaribio na jaribio. Mikono yote miwili ipimwe, hata pale inapoonekana kwamba mmoja tu ndio ulioathirika, kwa kuwa ule uitwao mzima nao mara nyingi huwa si mzima kabisa. Na matokeo ya mara zote tatu yaandikwe, si wastani peke yake. Kwa mtu ambaye viungo vyake huchezacheza bila ya hiari yake, tofauti kubwa kati ya mara ya kwanza na ya tatu ni habari ambayo tabibu aihitaji, na wastani huificha.

Hapa twataka kusimama juu ya jambo moja ambalo ndilo lililotusukuma kuandika, nalo ni sifuri. Dainamomita ya majimaji imefanywa kwa mikono yenye nguvu za kutosha kuusogeza mshale. Mkono dhaifu sana waweza kubana kwa juhudi zake zote, jasho likamtoka mwenyewe, na mshale usitikisike. Karani huandika: sifuri. Mzazi husoma: sifuri. Na sifuri ni neno zito. Husikika kana kwamba limesemwa kwamba hakuna kitu, wala hakutakuwa na kitu. Lakini mtoto yule alibana! Kilichoshindwa si mkono wake, ni chombo. Mtu hapimi dhahabu kwa mzani wa magunia ya karafuu, kisha akasema kwamba dhahabu haina uzito.

Dawa ya sifuri hii haiko ng'ambo. Kwa mkono dhaifu vipo vyombo vya mpira wa kubana, vyenye ukubwa mbalimbali, ambavyo hupima msukumo wa hewa na si kilo. Na pasipokuwa na hivyo, ipo mashine ya kupimia shinikizo la damu, ambayo kila muuguzi anaijua. Kitambaa chake hukunjwa kikawa kama kibumba kidogo, hufungwa kisifunguke, hutiwa hewa mpaka kipimo kisome 20, kisha mgonjwa hukibana, na mpimaji husoma mahali pa juu kabisa mshale ulipofika. Njia hii imetumiwa kwa miaka mingi kwa wagonjwa wa maradhi ya viungo ambao mikono yao huuma isiweze kubana chuma. Mkono uliopata sifuri katika dainamomita waweza hapa kuusogeza mshale kutoka 20 hadi 34, na baada ya miezi ya mazoezi kutoka 20 hadi 50. Hesabu hizo ni za mfano tu, lakini mzazi ye yote atafahamu maana yake. Sharti ni moja: mashine iwe ni ile ile, kitambaa kikunjwe vile vile, na hewa ya kuanzia iwe sawa, wala hesabu hizo zisichanganywe na zile za kilo, kama vile pishi isivyochanganywa na pima.

Baada ya kusema hayo yote, hatuna budi kuonya pia upande wa pili. Kipimo cha nguvu ni shahidi mmoja tu, wala si hakimu. Tuchukue mfano wa vijana wawili. Wa kwanza hubana kilo 18, lakini akisha kubana hawezi kuachia. Vidole hukataa kufunguka mpaka avisaidie kwa mkono wa pili. Wa pili hubana kilo 8 tu, lakini hufunga na kufungua apendavyo. Ukiwaweka mbele ya fungu la karafuu mbichi, waziambue na vikonyo vyake, yule wa kilo 8 atamaliza kwanza. Kwa hiyo mpimaji mwema haandiki tu kiasi cha kubana. Huandika pia kama mkono unaachia, na kwa muda gani, na kama mkono wa pili nao hukunjana wenyewe wakati mwenzake anapobana.

Ndiyo maana mwaka 2006 wataalamu wa Sweden na wenzao walitoa utaratibu mwingine wa kuwaweka watoto wenye mtindio wa ubongo, wa umri wa miaka 4 hadi 18, katika ngazi tano kwa kuangalia jinsi wanavyotumia mikono yao katika shughuli za kila siku. Ngazi ya kwanza ni ya mtoto anayevishika vitu kwa wepesi. Ya tano ni ya yule ambaye havishiki kabisa, au ana uwezo mdogo sana hata wa vitendo vyepesi. Utaratibu huu hautaki chombo chochote. Wataka kumwuliza mama, baba, bibi au mwalimu, yaani wale wanaomwona mtoto anapokula, anapovaa na anapocheza. Nguvu zapimwa chumbani kwa tabibu. Uwezo waonekana nyumbani. Viwili hivyo huenda pamoja, na aliye na kimoja bila ya kingine ana nusu ya habari.

Hatari tunayoiogopa zaidi ni ofisa atakayeikuta hesabu katika karatasi na kuifanya ukuta. Atasema: huyu ana kilo 8, kazi haimfai, huyu ana kilo 5, skuli haimfai. Tunasema wazi kwamba hilo likitokea, kipimo kitakuwa kimegeuzwa kuwa fimbo, na ni heri kisingefanywa. Tangu mwaka 2006 Baraza la Wawakilishi lilipotunga sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu, nia ya visiwa hivi ilikwisha kutangazwa. Katika mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na nchi yetu ikauridhia mwaka 2009. Kifungu cha 27 cha mkataba huo chazungumzia haki ya kazi, na kuzitaka nchi zihakikishe kwamba mahali pa kazi panatengenezwa ili pamfae mfanyakazi. Maana yake ni kwamba hesabu ndogo katika karatasi ni sababu ya kuuongeza unene mpini wa kalamu, au kuuzungushia mpira wa baiskeli mpini wa kijiko, au kumpa mtu muda zaidi katika mtihani. Si sababu ya kumfungia mlango.

Kifungu cha 26 cha mkataba huo huo chatugusa zaidi sisi watu wa visiwa. Chasema kwamba huduma za kuwarudishia watu uwezo wao zianze mapema iwezekanavyo, na ziwe karibu iwezekanavyo na mahali watu wanapoishi, vijijini pamoja. Tumtazame basi mama wa Kojani, au wa Fundo, au wa Tumbatu, au wa Kisiwa Panza. Huamka alfajiri, humbeba mtoto ambaye sasa amekuwa mzito, huingia chomboni, hupigwa na mawimbi, hushuka majini akiwa amemweka begani, kisha hutafuta gari. Afikapo hospitali mtoto amechoka, ana njaa, na mwili umemkaza. Hapo ndipo anapoambiwa, "Bana." Kipimo hicho kimepima bahari na barabara; mkono wa mtoto bado haujapimwa. Kama tabibu angevuka yeye, na mashine yake mkobani, mtoto angepimwa asubuhi akiwa amekula, barazani kwao, mbele ya bibi yake; na hesabu ingekuwa ya kweli zaidi.

Watakuwapo watakaosema kwamba nchi ina mambo makubwa kuliko haya: dawa hazitoshi, wauguzi hawatoshi, na kipimo hakimponyi mtu. Hoja hiyo hatuidharau, lakini tunaijibu. Ni kweli kipimo hakiponyi. Mzani nao hauongezi karafuu hata punje moja. Lakini ni mzani unaomwezesha mkulima kujua kama mbolea ya mwaka huu imemfaa. Tabibu anayempa mtoto mazoezi kwa miezi sita bila ya kumpima mwanzo na mwisho hawezi kujua kama ameyatumia vyema masaa yake machache. Huenda mazoezi yale hayafai, na yangebadilishwa. Huenda yanafaa sana, na yangefundishwa kwingine. Kwa hiyo palipo na uchache wa watu na vifaa ndipo kipimo kinapohitajiwa zaidi.

Tena tusiwasahau watu wazima. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hukua akawa mtu mzima mwenye mtindio wa ubongo, na wengi wao huanza kuona uchovu, maumivu na kupungua kwa nguvu mapema kuliko wenzao wa rika moja. Mwanamke ambaye kwa miaka ishirini amekuwa akijifungia buibui lake mwenyewe, kisha siku moja akashindwa, hapaswi kuambiwa kwamba ndiyo ugonjwa wake ulivyo. Apimwe. Lingekuwapo karatasi la nguvu zake za mwaka jana na juzi, tabibu angeliona anguko hilo kabla halijawa shida.

Kwa hiyo tunapenda kutoa shauri letu. Kwanza, Wizara ya Afya iwe na fomu moja ya kupimia nguvu za mkono, kwa Unguja na Pemba, yenye nafasi ya kuandika chombo kilichotumika, mkao wa mgonjwa, matokeo ya mara tatu kwa kila mkono, na kama mkono waachia. Pili, kila chumba cha mazoezi ya viungo kiwe na dainamomita, na pasipo na uwezo huo, itengwe mashine moja ya shinikizo la damu kwa kazi hiyo tu, yenye alama yake. Tatu, neno sifuri lisiandikwe katika faili la mtu mpaka amepimwa kwa chombo cha mpira au cha hewa. Nne, matokeo yaandikwe pia katika kadi akae nayo mwenyewe au mzazi wake. Mama zetu wamekwisha kuizoea kadi ya kliniki, yenye mstari wa uzito unaopanda mwezi baada ya mwezi. Hawatashindwa kuusoma mstari wa mkono. Tano, watabibu wapangiwe safari za visiwa vidogo, na safari hizo zihesabiwe kuwa ni kazi, zisiwe fadhila. Na sita, itangazwe kwa maofisa wote kwamba hesabu ya nguvu haiwezi, peke yake, kuwa sababu ya kumnyima mtu skuli, kazi au huduma.

Kwa upande wa wananchi, nasi tuna wajibu. Mzazi amtoe mtoto uani, ampeleke apimwe, na akiambiwa jambo asiloridhika nalo aulize: mmempima kwa chombo gani, na mara ngapi? Swali hilo si utovu wa adabu. Ni lile lile analouliza mbele ya mzani wa karafuu. Mwalimu wa skuli na wa madrasa amtazame mwanafunzi huyo anavyoshika, amwandikie tabibu alichokiona. Sheha awajue watu wake wenye hali hii kwa nyumba zao. Na nyumbani mtoto apewe kazi yake, hata iwe ndogo: kumenya kitunguu, kukunja leso, kuokota karafuu zilizomwagika. Mkono usiotumiwa huzidi kudhoofu, na huruma ya kumfanyia mtoto kila kitu huweza kuwa kamba ya pili ya kumfunga.

Waswahili wamenena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Serikali ni mkono mmoja, na wananchi ni mkono wa pili. Ukibana mmoja peke yake mtoto atadondoka. Wamenena pia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mtu aliyetoka 20 akafika 34 katika kipimo cha hewa ameweka haba yake kibabani. Kwa mtazamaji si kitu. Kwa mwenyewe huenda ndiyo tofauti kati ya kulishwa na kujilisha. Wajibu wetu ni kuiona haba hiyo na kuiandika, ili siku atakapokuja mtu mwenye madaraka akasema, "Mkono huu hauna nguvu," mama aweze kuifungua kadi yake na kumwonyesha.